Ukuta gani kwa pesa ya mavuno? Tofali mbichi, tofali za kuchoma na simenti kwetu Kasongo na Kabambare



Kila mwaka, mpunga na karanga zikisha kuuzwa, swali ni lile lile. Memba anakuja na pesa ya mavuno. Haulizi juu ya mbegu, anauliza: "Agronomu, kwa pesa hii naweza kuanza nyumba ya tofali za kuchoma?" Sisi si mafundi wa kujenga, kazi yetu ni shamba. Lakini tunaona namna pesa ya shamba inavyokwenda. Tunapita mbele ya kuta nzuri nyekundu ambazo zimesimama miaka mitatu bila paa, majani yameota juu yake, na mwenyewe analala bado ndani ya nyumba ya zamani. Tena mwaka unaofuata huyo huyo anauza mpunga wake ukiwa ungali shambani, kwa bei ya hasara, juu ya kutafuta mabati. Ndiyo sababu leo tunaongea juu ya ukuta ndani ya gazeti la kilimo.

Jibu letu tulitoe mara moja. Kwa wengi kati yenu, ukuta unaofaa ni wa tofali mbichi, yaani tofali za udongo zilizokauka kwa jua bila kuchomwa, zikiwekwa juu ya msingi mzuri wa mawe na chini ya paa linalotoka nje vya kutosha. Pesa ambayo mungeitia ndani ya tanuru, itieni chini ya ukuta na juu yake. Tunajua wengi hawapendi kusikia hivyo, juu tofali mbichi inahesabiwa kuwa ya maskini. Mutusikilize kwanza.

Ukuta unaharibika kutokea wapi?

Muzunguke kijiji chenu kesho asubuhi, muangalie nyumba za udongo za zamani. Ukuta umeliwa wapi? Karibu kila mara ni chini, kutoka kwenye ardhi mpaka kimo cha goti. Katikati ya ukuta udongo ungali mgumu sawa siku ya kwanza. Kinachokula chini ni vitu vitatu. Maji ya mvua yanayoanguka kutoka kwenye paa yanapiga ardhi na kuruka kwenye ukuta. Unyevu wa ardhi unapanda polepole ndani ya tofali. Halafu mchwa wanapita mule mule kwenye unyevu kutafuta miti ya paa.

Kwa hiyo tofali mbichi haifi sababu haikuchomwa. Inakufa sababu imelowa. Ikikaa kavu, inaweza kusimama miaka makumi. Na kinyume chake pia ni kweli: ukuta wa tofali za kuchoma uliojengwa kwa matope, bila msingi, nao unaanguka. Tofali zinabaki nzima, lakini matope katikati yake yanaoshwa na mvua, na siku moja pembe ya nyumba inafunguka.

Wazee wetu walijua jambo hilo. Nyumba ya pembe nne yenye baraza, ile iliyoenea huku wakati Kasongo ilikuwa mji mkubwa wa Tippu Tip katika karne ya 19, haikuwekewa baraza kwa ajili ya kukaa na kuongea tu. Paa la baraza linatupa maji mbali na ukuta, na sakafu yake inainua mguu wa nyumba juu ya matope. Leo tumeweka mabati, tumekata paa fupi ili kuokoa bati mbili ao tatu, baraza imepotea, kisha tunasema udongo ni mbaya.

Hesabu ya nyumba moja

Tuchukue nyumba ya mita 8 kwa 6, kuta za nje na kuta mbili za ndani zenye urefu wa mita 10 pamoja. Kimo ni mita 2 na nusu. Tukitoa milango na madirisha, inabaki karibu mita 83 za mraba za ukuta. Bei hatuziandiki hapa, juu ya Kasongo mjini si za Wamaza wala za Kabambare, na zinabadilika kila mara barabara inapokatika. Tunaandika vipimo. Bei mutaweka wenyewe, za soko la kwenu.

Kwa tofali mbichi za sentimita 40 kwa 20 kwa 15, munahitaji tofali 14 kwa kila mita ya mraba. Hiyo ni kama 1160, na tukiongeza zitakazovunjika, muhesabu 1300. Udongo wake ni karibu mita kubu 16, ambao unaweza kutoka kwenye parseli yenyewe. Watu watatu wenye maji karibu wanaweza kupiga tofali 100 kwa siku. Kwa hiyo ni wiki mbili za kupiga, na mwezi wa kungojea zikauke. Pesa inayotoka ni kidogo sana: chakula cha wasaidizi na mbao za mule.

Kwa tofali za kuchoma, ndogo za sentimita 23 kwa 11 kwa 7, ukuta mwembamba wa tofali moja moja unataka karibu 48 kwa mita ya mraba, yaani 4000 kwa nyumba nzima. Ukitaka ukuta mnene, wa tofali mbili mbili, hesabu inafika karibu 8000. Tofali moja ina uzito wa kilo 3 hivi. Tofali 4000 ni tani 12. Tanuru ya kijijini inakula karibu nusu tani ya kuni kwa kila tani ya tofali, na tanuru iliyopangwa vibaya inakula zaidi. Kwa hiyo nyumba ndogo kabisa inameza tani 6 za kuni.

Kwa bloki za simenti, munahitaji kama bloki 1040. Mfuko mmoja wa kilo 50 unatoa bloki kama 30 za namna nzuri, kwa hiyo ni mifuko 35, bila kuhesabu ya kuunganisha, ya nguzo na ya plasta. Kuna mafundi wanaotoa bloki 50 kwa mfuko mmoja. Bloki hizo zinavunjika mkononi, na ukuta wake ni mbaya kuliko wa udongo, huku umelipa bei ya simenti. Tena simenti inatoka mbali. Kiwanda kimoja kiko Kabimba, kando ya ziwa Tanganyika upande wa Kalemie. Simenti nyingine inakuja kwa reli ile inayopita Samba kwenda Kindu. Kila siku gari linalala njiani ndani ya matope, bei inapanda na mifuko inaingiwa na unyevu. Kabla ya kulipa, mpapase mfuko: kama ndani kuna mabonge ambayo hayavunjiki kwa vidole, muuache.

Sasa chukueni karatasi, muandike bei za kwenu mbele ya kila hesabu, halafu muweke pembeni bei ya mabati, misumari na mbao za paa. Tumefanya hivyo pamoja na memba wengi. Ile familia ambayo pesa yake ilitosha kwa kuta za kuchoma peke yake, kwa pesa ile ile inaweza kumaliza nyumba ya tofali mbichi na kuingia ndani.

Kuni za tanuru

Hapa tunaongea kama watu wa kilimo. Tani 6 za kuni hazitoki kwenye matawi makavu. Watu wanakata miti iliyo karibu, na iliyo karibu ni ile ya kando ya vijito, kwa sababu tofali zinapigwa penye maji. Kando ya mito midogo inayoteremka kwenye Luama na Lualaba, hiyo ndiyo miti inayoshika udongo wa kingo na kutunza maji wakati wa kiangazi. Ikikwisha, kijito kinachonywesha mpunga wa bondeni kinajaa mchanga. Na wamama wanaotafuta kuni za kupikia wanatembea mbali zaidi. Mwenye kuchoma tofali halipi hiyo gharama, inalipwa na majirani.

Hatusemi musichome hata moja. Kuna mahali tofali ya kuchoma inastahili bei yake: mguu wa nyumba kama mawe hayapatikani, shimo la choo, ukingo wa kisima, ngazi za mlango. Kwa mguu wa nyumba yetu ya mfano, kimo cha sentimita 40, tofali 1500 zinatosha. Jirani watatu wakichoma tanuru moja pamoja, kuni zinapungua kwa kila tofali, juu tanuru kubwa inatunza moto kuliko ndogo. Ifungwe vizuri kwa matope pande zote. Na kule penye mashini ya kukoboa mpunga, maganda yanayotupwa yana moto mwingi: yachanganywe kidogo ndani ya udongo na mengine yamwagwe katikati ya safu za tofali. Kuni zitapungua. Lakini musiweke maganda mengi ndani ya udongo, tofali itatoka na matundu na kuwa laini.

Kuchagua udongo

Mkulima anajua udongo wake kuliko mtu yeyote, basi tutumie akili hiyo hiyo. Udongo mweusi wa juu, wenye mizizi, ni wa shamba. Uondoeni, muuweke pembeni, mutaurudisha kwenye bustani. Tofali inataka udongo wa chini, wenye mchanga mwingi na ulongo kiasi. Ulongo ukiwa mwingi, tofali inapasuka ikikauka. Ukiwa kidogo, inamomonyoka. Udongo wa kichuguu ni mzuri na karibu kila mtu huku anaujua. Mara nyingi unahitaji kuongezewa mchanga.

Chukueni chupa ya plastiki iliyo wazi, mutie udongo mpaka nusu, mujaze maji, mutikise sana, muache mpaka kesho. Mchanga utakaa chini, ulongo juu. Mchanga uwe zaidi ya nusu. Kisha fanyeni jaribio lingine kwa mikono: mukande udongo wenye unyevu kidogo, muuviringishe kama nyoka mnene wa sentimita 3, muusukume polepole nje ya ukingo wa meza. Ukikatika kabla ya sentimita 5, hauna nguvu, tafuteni wenye ulongo zaidi. Ukishuka zaidi ya 15 bila kukatika, ongezeni mchanga. Katikati ya hapo ni sawa. Mwisho, pigeni tofali tano tu, muzikaushe wiki mbili, halafu ndipo muamue. Tano zikipasuka ni hasara ndogo. Tumeona mtu aliyepiga 900 bila kujaribu, na zote zikapasuka.

Majani ya mpunga yanayobaki shambani baada ya kuvuna, yakatwe vipande vya urefu wa kidole ao viwili, yachanganywe na matope, mukanyage kwa miguu na muache yalale siku mbili ao zaidi kabla ya kupiga. Majani yanazuia tofali kupasuka. Yasiwe na punje za mpunga, panya na kuku watabomoa ukuta wakizitafuta.

Tofali zikitoka kwenye mule zifunikwe na majani siku tatu za kwanza. Jua kali la ghafula ndilo linalopasua. Halafu zisimamishwe kwa ubavu ili upepo upite, zikae wiki tatu ao nne. Kwa kujua kama imekauka, vunjeni moja: katikati isiwe na rangi ya giza.

Na shimo mulilochimba udongo? Lisiachwe wazi karibu na nyumba, linajaa maji na kuzaa mbu. Lijazeni takataka za jikoni na majani, mupande ndizi. Ndizi inapenda mahali hapo.

Chini na juu ya ukuta

Hapa msikimbie, na hapa msipunguze pesa. Msingi uingie ardhini nusu mita, upana sentimita 40, kwa mawe ao mabonge magumu ya udongo mwekundu wa changarawe. Uendelee juu ya ardhi sentimita 40, juu ya hapo ndipo tofali mbichi zianze. Kwa nyumba yetu ni karibu mita kubu 12 za mawe. Ni mengi, ndiyo. Yakusanywe polepole na familia nzima, hata mwaka mmoja mbele. Mifuko mitatu ao minne ya simenti, kama ipo, iende kwenye safu za juu za msingi. Kati ya msingi na tofali ya kwanza tandikeni plastiki nzito. Inazuia unyevu usipande.

Ukuta wa sentimita 20 ukiwa mrefu bila kitu cha kuushika unayumba. Kila mita 3 hivi uwe na ukuta wa ndani unaoufunga, ao nguzo ya tofali zilizozidishwa unene. Madirisha yawe mbali na pembe kwa mita moja. Mbao ya juu ya mlango na dirisha iingie ndani ya ukuta sentimita 30 kila upande. Tofali ziunganishwe kwa udongo ule ule uliozipiga.

Paa litoke nje ya ukuta sentimita 80, na upande mvua inapokuja na upepo lifanyiwe baraza. Kuzunguka nyumba chimbeni mtaro wa kupeleka maji mbali.

Jambo moja linawashangaza wengi: plasta ya simenti juu ya tofali mbichi ni hasara. Simenti ni ngumu, udongo unapanuka na kusinyaa, haviendi pamoja. Ufa unatokea, maji yanaingia nyuma ya plasta na hayatoki. Baada ya mvua chache kipande kikubwa kinaanguka na kuchukua uso wa tofali. Pakeni plasta ya udongo na mchanga wenye majani yaliyokatwa laini, kisha pemba nyeupe kama munapenda. Itahitaji kurudiliwa sehemu fulani kila kiangazi, kazi ya siku mbili.

Kama ni depo ya koperative

Depo ni mambo mengine. Magunia yanaegemea ukuta na kuusukuma, panya wanatafuta tundu, na unyevu mdogo tu unaharibu mbegu za wanamemba wote. Tunajua koperative moja, jina tunaliacha, ambayo mbegu zake za karanga zilioza kwa sababu safu mbili za magunia ziligusa ukuta uliolowa. Kwa depo tungechagua ukuta mnene wa tofali mbichi wa sentimita 40, ao bloki za udongo zilizokandamizwa kwa mashini ya mkono pamoja na simenti kidogo.

Mashini hiyo si kitu kipya. Ya kwanza iliyojulikana sana ilitengenezwa nchini Kolombia miaka ya 1950, kwa ajili ya nyumba za watu wa vijijini. Mfuko mmoja wa simenti unatoa bloki karibu 110, si 30, na hakuna kuni. Bloki zifunikwe kwa plastiki na kumwagiwa maji siku saba, kisha zikae mpaka mwezi mmoja. Mtu mmoja hawezi kununua mashini hiyo. Koperative inaweza, ikiwa ina depo ya kujenga na wanamemba walio tayari kuikodi baadaye. Kama hakuna mpango wa kuikodi, itaota kutu.

Na mukijenga kwa chochote kile: magunia juu ya mbao, na nafasi ya nusu mita kati ya magunia na ukuta.

Wasioweza kungojea

Upande wa Kabambare kuna familia zinazorudi kijijini baada ya kukimbia, na mvua haingoji. Kwao tofali za kukausha mwezi mzima si jibu la leo. Nyumba ya miti na udongo wa kukandika inasimama kwa siku chache na si aibu. Miti iwe migumu, ganda litolewe, sehemu inayoingia ardhini iunguzwe kidogo kwa moto, ingawa hiyo inachelewesha mchwa tu, haiwazuii. Panueni paa hata kama ni la majani. Na mupime mahali mapema: jengeni pembeni mwa parseli, muache katikati wazi. Tofali zikiwa tayari kiangazi kijacho, nyumba ya kwanza itakuwa jiko.

Kiangazi chetu ni kifupi, kutoka mwezi wa sita mpaka wa nane hivi. Mawe yakusanywe kabla, tofali zianze kupigwa mara mvua zikikatika, kuta zianze mwezi wa saba, na paa liwe juu kabla mvua hazijarudi. Mule tengenezeni kwa mbao ngumu, ndani iwe sentimita 42 kwa 21 kwa 16, juu tofali inasinyaa ikikauka. Iloweshwe kwa maji kila mara kabla ya kutia udongo, ili tofali isishike.